Simbilisi na insulini iliyoacha njia

Jikoni kwa mama mkubwa, Njombe, simbilisi walikuwa wanaishi chini ya kichanja cha kuni. Ukiingia na majani mkononi walipiga kelele wote kwa mpigo, ile sauti yao nyembamba kama filimbi iliyoziba, kisha wakajazana miguuni. Walikuwa kitoweo cha wageni na akiba ya watoto. Nani angejua kwamba kongosho la kijinyama kile lina homoni iliyowasumbua wataalamu wa mageuko tangu miaka ya 1960, na kwamba baadaye wengine wangeandika katika jarida la Nature kuwa simbilisi si ndugu wa panya?

Homoni yenyewe ni insulini. Nimeichagua kwa makusudi, kwa sababu mtu akianza kusoma juu ya kasi ya mageuko ya protini hukutana mapema na jedwali la Richard Dickerson la mwaka 1971, na jedwali hilo linapendeza mno. Dickerson aliuliza hivi: koo mbili zikishaachana, inachukua miaka milioni mingapi hadi protini zao zitofautiane kwa asilimia 1? Fibrinopeptidi, vile vipande vinavyokatwa na kutupwa damu inapoganda, alizipa miaka milioni 1.1. Himoglobini, milioni 5.8. Saitokromu c, inayopokezana elektroni ndani ya mitokondria, milioni 20. Histoni H4, ambayo DNA huzungushiwa kama uzi kwenye kibiringo, milioni 600. Hiyo ya mwisho si mzaha: histoni H4 ya ndama na ya mnjegere zinatofautiana kwa amino asidi (yale matofali yanayojenga protini) 2 tu kati ya 102.

Maelezo ya jedwali hilo ni mepesi kuyashika. Histoni imebanwa kila upande, karibu kila amino asidi yake inagusa kitu, kwa hiyo karibu kila badiliko linaua au linalemaza na halirithiwi. Fibrinopeptidi ikishakatwa haina kazi kubwa tena, kwa hiyo inavumilia karibu badiliko lolote. Protini yenye kazi nyingi hutembea polepole. Isiyo na kazi nyingi hukimbia. Wengi tunaondoka hapo tukiamini kila protini imefungwa kidhibiti mwendo kama basi la mkoani: ukijua jina la protini umejua mwendo wake, ukijua mwendo na idadi ya tofauti umejua lini koo mbili ziliachana. Émile Zuckerkandl na Linus Pauling walikuwa wameshaanza kuhesabu hivyo kwa himoglobini mwaka 1962, na ndio waliotuachia jina la saa ya molekuli.

Basi hebu tumpande simbilisi tuone.

Herufi kwa herufi

Insulini ni protini ndogo: amino asidi 51, zilizogawanyika katika minyororo miwili, A wenye 21 na B wenye 30, iliyofungwa pamoja kwa vifundo vya sisteini, amino asidi yenye herufi C. Frederick Sanger alisoma mfuatano wote wa insulini ya ng'ombe katika miaka ya 1950, ikawa protini ya kwanza duniani kusomwa yote, naye akapata Nobeli mwaka 1958. Insulini za wanyama wengine zikafuata, na kufikia 1966 ya simbilisi nayo ilikuwa imechapishwa. Leo mifuatano hii yote iko wazi kwenye hifadhidata ya UniProt, na ni mifupi kiasi kwamba unaweza kuilinganisha kwa kalamu na karatasi ya mistari. Mimi nilifanya hivyo, kila herufi ikiwa amino asidi moja. Panya hapa ni yule mkubwa wa maabara; yeye ana jeni mbili za insulini, nimechukua ya pili.

Mnyororo A
GIVEQCCTSICSLYQLENYCN – binadamu
GIVEQCCASVCSLYQLENYCN – ng'ombe
GIVDQCCTSICSLYQLENYCN – panya
GIVEQCCHNTCSLYQLENYCN – kuku
GIVDQCCTGTCTRHQLQSYCN – simbilisi

Mnyororo B
FVNQHLCGSHLVEALYLVCGERGFFYTPKT – binadamu
FVNQHLCGSHLVEALYLVCGERGFFYTPKA – ng'ombe
FVKQHLCGSHLVEALYLVCGERGFFYTPMS – panya
AANQHLCGSHLVEALYLVCGERGFFYSPKA – kuku
FVSRHLCGSNLVETLYSVCQDDGFFYIPKD – simbilisi

Pitisha kidole taratibu. Binadamu na ng'ombe: tofauti 3. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1922, na kwa miaka sitini hivi iliyofuata, wagonjwa wa kisukari duniani kote walichomwa insulini ya ng'ombe na ya nguruwe (ya nguruwe inatofautiana na yetu kwa herufi moja, ile ya mwisho ya mnyororo B) na sukari ikashuka. Binadamu na panya: 4. Binadamu na kuku: 7, na hapo tunazungumzia koo zilizoachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita.

Binadamu na simbilisi: 18. Asilimia 35 ya protini nzima.

Mwanafunzi mmoja niliyemwonyesha karatasi hii aliniuliza, "Mwalimu, una uhakika hukukosea mstari?" Swali zuri. Kwa saa ya molekuli, simbilisi angekuwa amejitenga nasi muda mrefu kabla ya kuku, pengine pamoja na samaki. Lakini simbilisi ananyonyesha, ana manyoya, ana meno ya mbele yanayokua maisha yake yote. Ukoo wake na wetu uliachana kiasi cha miaka milioni 90 iliyopita, muda uleule ambao ukoo wa panya uliachana na wetu. Muda mmoja, protini moja. Panya 4, simbilisi 18.

Kuku awe hakimu

Tofauti kati ya wawili haisemi nani aliyehama. Nikikuta wewe na jirani yako mna majina tofauti ya ukoo, siwezi kujua nani alibadilisha mpaka nimpate shangazi anayewajua wote wawili tangu zamani. Katika mageuko shangazi huyo ni mnyama aliyejitenga kabla ya hao wawili hawajaachana. Kwa binadamu na simbilisi, kuku anafaa kabisa.

Kwa hiyo nilizichukua zile nafasi 18 moja moja nikamwuliza kuku. Katika nafasi 14 kuku ana herufi ileile ya binadamu, simbilisi yuko peke yake. Katika nafasi moja, ya kumi ya mnyororo A, kuku na simbilisi wanafanana na binadamu ndiye tofauti. Katika tatu zilizobaki kila mtu ana lake. Kama koo zote mbili zingekuwa zinatembea sawa, mizani ingekaribia kulingana, saba kwa nane hivi. Imetoka 14 kwa 1.

Jaribio hili ni rahisi, lakini ndilo msingi wa kazi yote ya kulinganisha kasi. Halihitaji kujua miaka. Halihitaji visukuku. Kutoka kwa babu wa pamoja hadi leo, binadamu na simbilisi wamesafiri muda sawasawa, na kuku anatuonyesha nani alitupa mizigo njiani. Pia linafunga mlango wa kisingizio ambacho huwa kinakuja haraka: kwamba wanyama wadogo huzaa upesi, vizazi vyao ni vingi, basi lazima protini zao zikimbie. Panya anazaa upesi kuliko simbilisi. Mimba ya panya ni wiki tatu, ya simbilisi ni zaidi ya miezi miwili. Panya ana tofauti 4.

Kabla ya kumwacha ng'ombe kando kabisa, kuna jambo moja ambalo jedwali la Dickerson lingelificha hata pasipo simbilisi. Insulini haitoki kongoshoni ikiwa minyororo miwili. Donald Steiner wa Chicago alionyesha mwaka 1967 kwamba hutengenezwa kama uzi mmoja mrefu, proinsulini, na katikati ya B na A kuna kipande kinachosaidia uzi ujikunje vizuri. Kisha vimeng'enya vinakikata. Kipande hicho ndicho peptidi C, na hospitalini hupimwa ili kujua kama kongosho la mgonjwa bado linazalisha chochote, kwa sababu kila insulini moja hutoka na peptidi C moja. Ya binadamu ina amino asidi 31, ya ng'ombe 26. Nilipozipanga sambamba, zile 26 zinazolingana zilikuwa na tofauti 9, na 5 hazipo kabisa kwa ng'ombe. Linganisha na tofauti 3 kati ya 51 za insulini yenyewe. Jeni ni moja, wanyama ni walewale, miaka ni ileile. Motoo Kimura, Mjapani aliyeanzisha nadharia ya mageuko yasiyoegemea upande mwaka 1968, aliupenda sana mfano huu: kwa hesabu zake peptidi C hubadilika takriban mara sita ya kasi ya A na B. Sasa ukiulizwa "insulini inabadilika kwa kasi gani?", uliza kwanza: kipande kipi?

Na cha mnyama yupi.

Nafasi ya kumi

Turudi kwa simbilisi. Zile herufi 18 hazikutapakaa ovyo. Sisteini zote sita ziko palepale, kwa hiyo umbo la jumla limebaki. Zile FFY za mnyororo B, zinazohusika na kushika kipokezi kwenye seli, hazijaguswa. Mwanzo wa mnyororo A, GIV, haujaguswa. Hii si protini iliyokufa inayooza. Kuna mkono ulioshikilia sehemu fulani na kuachia nyingine.

Tazama nafasi ya kumi ya mnyororo B. Binadamu, ng'ombe, panya na kuku wote wana H, yaani histidini. Simbilisi ana N, asparajini. Herufi moja, lakini ndiyo ufunguo wa kisa kizima kwa maoni yangu. Dorothy Hodgkin na kundi lake kule Oxford walipopata umbo la insulini mwaka 1969 kwa miale ya eksirei, walikuta molekuli sita za insulini zimekumbatiana kuzunguka zinki, na kinachoishika zinki ni hiyo histidini ya kumi. Ndivyo kongosho linavyoitunza insulini: inapangwa sita sita, inakuwa kama fuwele, inakaa ghalani bila kuharibika mpaka sukari ipande. Ikiingia kwenye damu zinki inaachia, sita zinavunjika kuwa moja moja, na moja ndiyo inayofanya kazi.

Ukiondoa histidini ile, zinki haina pa kushika. Simbilisi hawezi kupanga sita. Insulini yake huishi moja moja tangu mwanzo.

Na sasa matokeo yake. Molekuli sita zikikumbatiana, kila moja ina uso unaogusa wenzake, na uso huo lazima ubaki laini na wa mafuta ili washikane. Kati ya amino asidi za uso huo ni ile ya 13 na ya 14 za mnyororo A, na ya 14, ya 17 na ya 20 za mnyororo B. Rudi kwenye karatasi: kwa simbilisi zote tano zimebadilika. Leusini ya 13 imekuwa arjinini yenye chaji. Leusini ya 17 imekuwa serini inayopenda maji. Uso uliokuwa ukigusa mwenzake sasa unagusa maji, na umevaa nguo za kukaa majini. Ghala lilipofungwa, sheria za ghala nazo zikaisha.

(Wenye kisukari wanaotumia insulini za haraka wana jambo la kucheka hapa. Watengenezaji wa dawa walitaka insulini isiyokumbatiana sana, ili ikidungwa chini ya ngozi ifike kwenye damu upesi, kabla chakula hakijapoa. Mwaka 1996 insulini lispro iliruhusiwa Marekani, na siri yake ni kupindua amino asidi mbili karibu na mwisho wa mnyororo B ili kushikana kuwe dhaifu. Simbilisi alishaacha kukumbatiana kitambo, kwa njia yake.)

Ajali au faida?

Hapa wataalamu waligawanyika, na mgawanyiko wenyewe ulikuwa sehemu ya ugomvi mkubwa wa miaka ya 1970. Jack King na Thomas Jukes, katika makala yao ya 1969 iliyotetea kwamba mabadiliko mengi ya protini ni ya bahati, walishaiona insulini ya simbilisi ikikimbia zaidi ya mara kumi ya insulini nyingine. Maelezo ya upande huo, ambayo Kimura aliyashikilia, ni ya kulegea: histidini ya kumi ilipotea, kazi ya kukumbatiana ikaisha, kamba zikalegezwa, na mabadiliko yasiyo na hasara wala faida yakaanza kujazana. Upande wa pili, Tom Blundell na Steve Wood waliuliza wazi mwaka 1975 kama mageuko ya insulini ni ya uteuzi wa asili au ya bahati, wakaegemea uteuzi. Molekuli inayoishi peke yake majini inahitaji uso mwingine. Mabadiliko yale yanaonekana kama mtu anayejirekebisha, si kama mtu aliyeachwa.

Mimi nadhani neno "kulegea" linatosha kueleza mwanzo lakini halitoshi kueleza kasi. Kamba ikilegea kabisa, protini inaweza kukimbia mpaka kasi ya badiliko la DNA lenyewe, isipite. Peptidi C ni mfano wa kipande kilicholegea. Insulini ya simbilisi, kwa makadirio ya King na Jukes, ilikuwa inakimbia kuliko hata hiyo. Kitu kinachompita aliyelegea hakijalegea tu; kuna anayekisukuma. Mwaka 2005 watafiti waliolinganisha jeni ya insulini kwa jamaa wa simbilisi wa Amerika ya Kusini walitumia kipimo kinachotofautisha mabadiliko ya DNA yanayobadilisha amino asidi na yale ya kimya yasiyobadilisha kitu, wakaona dalili za uteuzi katika baadhi ya nafasi.

Inasukumwa kuelekea wapi? Insulini ya simbilisi ni dhaifu katika kazi tunayoijua, ya kushusha sukari. Ukiijaribu kwa seli za panya nguvu yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya ng'ombe. La kushangaza zaidi, kipokezi cha simbilisi mwenyewe kinaishika insulini ya ng'ombe vizuri kuliko insulini ya nyumbani. Kufuli halikubadilika, ufunguo ndio uliobadilika. Muggeo na wenzake walishaonyesha mwaka 1979 kwamba kwa wanyama wenye uti wa mgongo kipokezi cha insulini kimehifadhiwa kuliko insulini yenyewe. Inaeleweka: kipokezi kiko kwenye utando wa seli, kinashikana na protini nyingine nyingi za ndani, kina mabosi wengi. Simbilisi hufidia udhaifu wa ufunguo kwa kumwaga funguo nyingi kwenye damu.

Lakini mwaka 1981 King mwingine, George King, pamoja na Ronald Kahn, walipima kitu ambacho wengi hawakukifikiria. Insulini ina kazi ya pili, hafifu, ya kuchochea seli zikue. Walipojaribu insulini za simbilisi na jamaa zake, zile zilizoanguka kwenye kazi ya sukari zilionekana na nguvu kubwa zaidi kwenye kazi ya ukuaji. Kazi mbili za protini moja zilikuwa zimeachana njia. Na si jambo la kupuuza kwamba miaka kadhaa baadaye insulini iliyotengenezwa kwa kubadilisha nafasi ileile ya kumi ya mnyororo B, safari hii histidini ikiwekewa asidi ya aspati, iliachwa baada ya panya jike waliopewa kupata uvimbe wa matiti. Nafasi ya kumi inagusa mengi kuliko ghala.

Nungunungu anavuruga hadithi kidogo, na namshukuru. Yeye ni jamaa wa simbilisi wa upande wetu wa bahari, na mwaka 1980 ilichapishwa katika Nature kwamba insulini yake nayo huishi moja moja. Ila haikudhoofika kama ya simbilisi. Kwa hiyo kupoteza kukumbatiana peke yake hakulazimishi kupoteza nguvu. Hatua ya kwanza inaweza kuwa moja, safari zikawa mbili.

Halafu kuna glukagoni, homoni inayofanya kinyume cha insulini: inapandisha sukari. Ina amino asidi 29, na kwa binadamu, ng'ombe, nguruwe na panya zote 29 ni zilezile, hakuna hata moja iliyotofautiana. Ukiiweka kwenye jedwali la Dickerson ingekaa jirani na histoni. Ya simbilisi ina tofauti 5, zote katika amino asidi tisa za mwisho. Ukimwona mtu amebadilisha kufuli la mlango wa mbele unaweza kusema ni bahati. Akibadilisha na la mlango wa nyuma, unaanza kuuliza kuna nini ndani ya nyumba hiyo. Sukari ya simbilisi inaendeshwa na homoni mbili zilizoacha njia, na yeye ni mzima wa afya, anakula majani chini ya kichanja.

Mgeni katika damu

Ugeni huu wa insulini ya simbilisi uliwahi kuwa na faida ambayo karibu kila hospitali kubwa imeionja. Rosalyn Yalow na Solomon Berson, New York, walitaka kupima insulini ndani ya damu, kitu ambacho kabla yao hakikuwezekana kwa viwango vidogo vile. Walihitaji kingamwili kali. Ukimdunga sungura insulini ya ng'ombe mwili wake haustuki sana, kwa sababu insulini hiyo inafanana mno na yake. Simbilisi akidungwa, mwili wake unaona mgeni kabisa, na unatoa kingamwili kwa wingi. Kingamwili za simbilisi ndizo zilizofanikisha kipimo chao cha mwaka 1960, na Yalow akapata Nobeli mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Kipimo cha homoni ndani ya damu kilisimama juu ya mnyama ambaye protini yake ilikimbia.

Si panya?

Mwaka 1991 Dan Graur, Winston Hide na Wen-Hsiung Li waliuliza kwenye kichwa cha makala yao katika Nature kama kweli simbilisi ni mgugunaji, yaani mnyama wa kundi la panya. Walilinganisha protini kadhaa, si moja, na miti yao ya ukoo ikamweka simbilisi nje: alijitenga kabla panya na binadamu hawajaachana. Mwaka 1996 kundi jingine, likiwa na DNA yote ya mitokondria ya simbilisi, halikuuliza tena. Lilitamka kwamba simbilisi si mgugunaji. Wataalamu wa mifupa na meno walichukia, na walikuwa na haki. Taya la simbilisi, meno yake, kondo la nyuma, vyote vinasema kingine.

Kilichotokea ni mtego unaojulikana sana leo. Programu ya kuchora miti ya ukoo hupima kufanana. Mnyama ambaye protini zake zimekimbia huwa na tawi refu, na matawi marefu huvutana: aliyepotea anaonekana kufanana na mgeni wa mbali kwa sababu tu hafanani na ndugu zake. Kuku wangu ni mfano mdogo. Nafasi ya kumi ya mnyororo A, kuku na simbilisi wote wana T. Si undugu huo. Ni watu wawili waliopotea wakakutana kwenye stendi moja. Ukiwa na wanyama wachache kwenye mti, mikutano ya namna hiyo inatosha kumng'oa simbilisi kwa ndugu zake. Mwaka 2001 tafiti mbili kubwa zilizochapishwa pamoja katika Nature, zenye jeni nyingi na mamalia wa makundi mengi, zilivunja yale matawi marefu kwa kuweka jamaa katikati, na simbilisi akarudi nyumbani: mgugunaji, pamoja na panya, kindi na nungunungu, jirani wa sungura, na wote hao si mbali na sisi.

Baada ya kusoma hayo yote nilirudi kwenye karatasi yangu. Simbilisi ana herufi 16 ambazo hakuna mwingine kati ya wale watano anazo. Ana T moja aliyokutana nayo na kuku. Na ana D kwenye nafasi ya nne ya mnyororo A, mahali ambapo binadamu, ng'ombe na kuku wote wana E. Badiliko hilo ni dogo, herufi moja ya DNA inatosha kulifanya, linaweza kutokea mara mbili bila undugu wowote. Lakini mwingine mwenye D pale ni panya.